Jicho na Walinzi Wake

Katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya mji wa Paris, alizaliwa mwaka 1809 mtoto wa kiume ambaye baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Karakana ya fundi huyo ilinuka ngozi, na mezani pake palijaa visu, nyundo na misharasi, zile sindano nene za kutobolea ngozi kabla haijashonwa. Siku moja, mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu, aliingia karakanani akatwaa chombo kimoja, akaiga kazi aliyozoea kumwona baba yake akiifanya. Ngozi ilikuwa ngumu na mkono wa mtoto ulikuwa dhaifu. Chuma kiliteleza kikamchoma jicho.

Ilitazamiwa mtoto huyo awe chongo, maana jicho lililochomwa lilikuwa moja tu. Hakuwa chongo. Jicho la pili, ambalo hapana chuma kilicholigusa, liliingia wekundu, likauma, likafunga ukungu, na mtoto alipofikia umri wa miaka mitano nuru ya macho yote mawili ilikuwa imekwisha. Huyo ndiye Louis Braille, ambaye mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, aliwaundia vipofu wa ulimwengu maandishi ya nukta sita yasomwayo kwa vidole. Habari yake husimuliwa aghalabu kwa ajili ya nukta hizo, na ni haki isimuliwe hivyo. Walakini liko swali moja ambalo wasimulizi hulipita mbio kama mtu apitaye mbele ya mlango wa mwenye deni lake. Jicho la kwanza liliuawa na chuma. Jicho la pili liliuawa na nani?

Matabibu wa zama zile hawakuwa na jibu. Mwaka 1830 William Mackenzie, tabibu wa macho wa mji wa Glasgow, alieleza katika kitabu chake jinsi jicho zima linavyoweza kumfuata mwenzake aliyejeruhiwa, baada ya majuma au miezi, kana kwamba linamwonea huruma. Jina la huruma limebaki katika vitabu vya utabibu mpaka leo. Ni jina jema mno kwa jambo ovu kama hilo. Wengi waliochunguza habari za Braille huona kuwa maradhi ya huruma ndiyo yaliyompata, na dalili zote zilizosimuliwa zinakubaliana na neno lao.

Kabla ya kumtafuta mwuaji, inafaa kutazama jina la silaha yake, kwa sababu Kiswahili kina tabu kidogo hapa. Mkono ukipigwa, goti likitunga usaha, jino likioza, watu husema pana uvimbe. Uvimbe ni neno kongwe na halina kosa, lakini limebeba mizigo mingi: jipu ni uvimbe, na saratani nayo ni uvimbe. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili nne za hali hiyo: wekundu, kuvimba, joto na maumivu. Kuvimba ni moja tu katika nne. Lugha za Ulaya zilipotafuta jina zilikwenda kwenye joto, zikaiita hali yote kwa neno litokanalo na ndimi za moto. Katika Kiswahili cha utabibu liko neno mchochota, na liko neno mwako. Katika habari za jicho mwako ndio unaofaa, na sababu yake si ya ushairi. Mwako wa ndani ya jicho mara nyingi hauvimbishi kitu cha kuonekana kwa nje. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa jicho lake lina uvimbe hujitazama katika kioo, akakuta kope zake zimelala sawasawa, akadhani tabibu amekosea, akaacha dawa. Jina baya limekwisha kumpofusha mtu zaidi ya mmoja.

Ndani ya jicho, nyuma ya weupe unaoonekana, upo utando mweusi wenye mishipa mingi ya damu. Mafundi wa kale wa kupasua miili waliona kuwa jicho likimenywa utando huo hufanana na zabibu nyeusi, wakaupa jina la zabibu kwa Kilatini. Utando huu ndio uwakao. Kinachouwasha mara nyingine ni kijidudu: kifua kikuu, kaswende, tutuko, au vimelea vitokanavyo na paka. Mara nyingine hapaonekani kijidudu cho chote, na moto umewashwa na walinzi wa mwili wenyewe.

Walinzi hao ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kumjua mgeni na kumwondoa, na njia yao ni ya jeshi: hutanua mishipa, huleta maji na joto, humwaga sumu, hubomoa, kisha huacha kovu. Katika mguu kovu si neno kubwa. Mkulima aliyejikata kwa jembe hulionyesha kovu lake kwa wajukuu. Jicho haliwezi kuustahimili ushujaa wa namna hiyo. Kioo chake cha mbele, kiitwacho konea, kina unene wa nusu milimita, na faida yake yote ni kuwa angavu. Kovu dogo katikati yake ni pazia. Nyuma kabisa iko retina, utando upokeao picha, ambao chembe zake zikifa haziotuki tena. Kwa hiyo jicho ni nyumba ambayo haifai kupiganiwa ndani yake hata kama mwenye nyumba ndiye atakayeshinda.

Mwenye kuonyesha kuwa jicho linaijua hatari hiyo ni Peter Medawar wa Uingereza. Alitwaa vipande vya ngozi ya sungura mmoja akavipandikiza katika chumba cha mbele cha jicho la sungura mwingine. Kwa desturi ya mwili, ngozi ngeni hushambuliwa ikaoza ikadondoka. Katika jicho iliweza kukaa salama. Habari hizi alizichapisha mwaka 1948, na mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet kwa elimu ya kustahimiliana kwa miili. Medawar alidhani kuwa jicho hujificha tu, kama kijiji kilicho ng'ambo ya mto usio na daraja, askari wasipate kukifikia. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli wa nusu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wayne Streilein na wenziwe wa Marekani waliona kuwa jicho halijifichi kimya: hupeleka habari mwilini, nazo huwatuliza walinzi wasije na hasira.

Sasa yaweza kueleweka lililompata mtoto wa Coupvray. Maadamu jicho ni zima, walinzi wengi wa mwili hawajapata kuiona mali iliyomo ndani yake. Msharasi ulipoitoboa nyumba, mali ilimwagika nje, nao wakaiona kwa mara ya kwanza, wakaihesabu kuwa ya mgeni. Kisha wakaitafuta kila mahali mwilini, na mahali pengine palipokuwa na mali hiyo ni jicho la pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwa na darubini ya kuonea chembe, lakini hapana mtaalamu wa kinga aliyepata kuyaeleza maradhi haya kwa maneno machache zaidi.

Jicho lilikuwa likiwatulizaje walinzi kabla ya siku ile? Jawabu moja lilitafutwa katika maji. Kati ya konea na lenzi mna maji safi, machache kuliko kijiko kidogo cha chai, yanayotengenezwa na kutoka mchana na usiku. Mwaka 1992 Andrew Taylor, Streilein na Scott Cousins walieleza kuwa katika maji hayo wamekuta kitu kidogo chenye nguvu ya kuwatuliza walinzi, nacho kilikuwa ni peptidi.

Peptidi si jambo la kutisha. Mwili hujenga karibu kila kitu chake kwa protini, na protini ni nyuzi za shanga. Shanga zenyewe huitwa asidi amino, na aina zake zitumiwazo kwa kawaida ni 20. Uzi ukiwa mrefu, wenye mamia ya shanga, uliokunjwakunjwa, huitwa protini. Uzi ukiwa mfupi huitwa peptidi. Insulini, ambayo wenye kisukari huijua, ina shanga 51. Ile iliyokutwa katika maji ya jicho ina shanga 13 tu.

Wala haikuwa ngeni. Katika miaka ya 1950 Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, tabibu wa ngozi aliyekuwa akitafuta siri ya rangi ya binadamu, aliitenga yeye na wenziwe kutoka tezi iliyo chini ya ubongo wa nguruwe. Kipimo chake kilikuwa ngozi ya chura: kitu hiki kikitiwa, ngozi hugeuka nyeusi. Basi ikaitwa homoni ya kuamsha rangi, ikawekwa katika kabati la elimu ya rangi, na kwa muda mrefu hapana aliyeitafuta katika kabati jingine. Katika miaka ya 1980 ndipo ilipoanza kuonekana wazi kuwa uzi huo huo hupunguza homa na mwako katika wanyama. Majina ya elimu yana tabia hii. Mtu akiitwa mvuvi, hapana amwulizaye kama anajua kushona.

Namna ifanyavyo kazi ni ya upole. Haiwaui walinzi. Hushika mahali palipoandaliwa juu ya chembe zao, kama ufunguo ushikavyo kitasa, na ndani ya chembe amri za kumwaga sumu hupungua. Baadhi ya walinzi hugeuka kuwa wapatanishi, nao huwazuia wenzao. Mwaka 2000 Taylor na wenziwe walichapisha habari za panya waliotiwa maradhi ya mwako wa jicho kwa makusudi. Waliodungwa peptidi hii walipata mwako mdogo zaidi. Ajabu nyingine ni kuwa shanga tatu za mwisho, laisini, prolini na valini, zikikatwa zikatumiwa peke yake, zimeonekana katika majaribio ya wanyama na ya chembe kuwa na sehemu ya nguvu hiyo ya kutuliza.

Hapa msomaji aliye na haraka atauliza: basi dawa iko wapi? Kabla ya kumjibu ni lazima kusimulia dawa iliyotangulia, kwa sababu asiyejua jinsi ilivyoponya na jinsi ilivyodhuru hataona kwa nini watu wanahangaika na nyuzi za shanga.

Kabla ya mwaka 1950 matabibu wa macho walikuwa na njia moja ya kushangaza ya kutibu mwako wa ndani. Walimdunga mgonjwa chanjo ya homa ya matumbo katika mshipa ili apandwe na homa kali, wakitumaini kuwa homa ya mwili itaushinda mwako wa jicho. Walioishi kwa methali ya dawa ya moto ni moto wangelipendezwa, ila mgonjwa mwenyewe hakupendezwa sana. Kisha ikaja kotizoni. Mwezi Septemba mwaka 1948, katika Mayo Clinic ya Marekani, Philip Hench na wenziwe walimdunga mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo, naye baada ya siku chache akatembea. Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950, na mwaka huo huo matabibu walikuwa wamekwisha kuitia kotizoni katika macho. Mwako uliokuwa ukidumu miezi ulizimika kwa siku. Hapana haja ya kuipunguzia dawa hiyo sifa yake. Mamilioni ya watu wanaona leo kwa sababu yake, na wazao wake, kama prednisoloni na deksamethasoni, ndio kimbilio la kwanza la tabibu mpaka sasa.

Pamoja na kotizoni matabibu wa siku zile walitumia homoni nyingine yenye shanga 39, iitwayo ACTH, ambayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo zitoe kotizoni ya mwili. Walidhani kuwa hiyo ndiyo kazi yake yote. Lakini shanga 13 za mwanzo za ACTH zimepangwa sawasawa na shanga 13 za peptidi ya maji ya jicho. Mwaka 1950 walikuwa wameishika mkononi bila kuitambua.

Madhara ya kotizoni na wazao wake yalijulikana polepole, katika miaka ya 1950 na 1960. Ikitumika muda mrefu lenzi ya jicho huweza kufunga ukungu, ule uitwao mtoto wa jicho. Hilo lina dawa, maana lenzi yaweza kutolewa ikatiwa nyingine. La pili ni baya zaidi. Katika baadhi ya watu, maji ya jicho hushindwa kutoka, msukumo ukapanda ndani, na mshipa uchukuao picha kwenda ubongoni hufa nyuzi kwa nyuzi, bila maumivu. Ugonjwa huo ni glakoma. Kilichopotea kwa njia hiyo hakirudi.

Madhara haya si habari ya vitabuni katika Afrika ya Mashariki. Uko ugonjwa wa macho unaowapata watoto wengi wa nchi za jua kali, wavulana zaidi ya wasichana, nao ni mwako wa mzio juu ya jicho. Macho huwasha usiku na mchana, weupe wake hugeuka rangi ya kahawia, matongo hunyooka kama nyuzi, na mtoto hawezi kutazama nuru. Shuleni huinamisha kichwa. Mwalimu asiyejua humdhania mvivu au mjeuri. Kwa wengi ugonjwa hupungua wenyewe wakibaleghe. Miaka mitano au kumi ya katikati ndiyo yenye hatari.

Mama wa mtoto wa namna hii huenda kwenye duka la dawa. Mara ya kwanza hupewa kichupa cha matone, na matone hayo yakiwa na deksamethasoni, kesho yake mtoto anacheza na wenzake. Mama humshukuru Mungu na muuza duka. Baada ya majuma mawili mwasho hurudi, na mama naye hurudi. "Mwanangu, nipe tena ile ya juzi," husema, "ile yenye kifuniko cheupe, imemfaa sana mdogo wako." "Haya mama, hii hapa. Mpe pole," hujibiwa. Hapana mwovu katika mazungumzo haya. Muuza duka anauza kitu kinachoponya, mama anampenda mwanawe, na mtoto anapata raha. Hali hii ikiendelea miaka, bila mtu wa kupima msukumo wa jicho, yuko kijana ambaye siku moja atajikwaa katika mlango wa chumba chake mwenyewe, ndipo itakapogunduliwa kuwa anaona kama mtu achunguliaye katika mwanzi. Maradhi yaliyotibiwa yalikuwa ya kupita. Upofu ulioletwa na dawa ni wa daima.

Dawa ya kutuliza mwako wa jicho bila kupandisha msukumo wake si anasa ya maabara, basi, na moja ya dawa za namna hiyo imekwisha kupatikana, nayo ni peptidi. Ilitoka udongoni. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi, akiwa likizoni, alichota udongo katika uwanda baridi wa Hardangervidda, nchi ya Norwei. Ilikuwa desturi ya kampuni hiyo kuwaomba watu wake walete udongo kutoka kila wendako. Katika udongo huo mliota kuvu, na kuvu ilitoa peptidi ya shanga 11 zilizofungwa duara kama bangili. Wachunguzi waliitazamia iue kuvu nyingine. Kwa kazi hiyo haikufaa kitu. Mwaka 1972 wakaona kuwa huwanyamazisha walinzi wa mwili bila kuwaua. Ikaitwa siklosporini, na kuanzia mwaka 1983 ilipopata ruhusa katika Marekani iliwezesha watu wengi kuishi na figo na maini ya watu wengine. (Udongo umekuwa mkarimu kwa macho kwa njia nyingine pia: ivamektini, dawa ya usubi ambao umewapofusha watu wengi kandokando ya mito ya Afrika, ilitokana na kiumbe cha udongo wa Japani.)

Mwaka 1983 pia, Robert Nussenblatt na wenziwe wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani walieleza jinsi siklosporini ilivyowasaidia wagonjwa wenye mwako wa ndani ya jicho ambao kotizoni ilikuwa imewashinda. Ikinywewa hutuliza jicho, lakini huzionea figo na kupandisha msukumo wa damu, kwa hiyo haikuwa dawa ya kumpa mtoto mwenye mwasho. Ilipasa itengenezwe matone. Hapo bangili ya shanga ikaonyesha ukaidi, maana haikubali kuyeyuka katika maji. Sharti itiwe katika mafuta, na mafuta huchoma. Matone kwa ajili ya macho makavu yaliruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2002, na yale ya mwako wa mzio wa watoto yaliruhusiwa Ulaya mwaka 2018 na Marekani mwaka 2021.

Nchini Rwanda ulifanywa utafiti, ukachapishwa mwaka 2012, ambamo wagonjwa wa mwako huo wa mzio waligawanywa, wengine wakapewa matone ya siklosporini na wengine ya deksamethasoni. Nafuu yao ilikaribiana. Tofauti iliyolalamikiwa ni kuwa matone ya siklosporini yalichoma zaidi yalipotiwa. Kwa msomaji wa mbali hilo ni jambo dogo. Kwa mama aliyepata kumshika mtoto wa miaka sita akamfunua kope kwa nguvu, ni jambo linaloamua kama dawa itatumika au itakaa rafuni.

Yule msomaji mwenye haraka sasa anaweza kujibiwa. Ile peptidi ya shanga 13, iliyo ya jicho lenyewe, mpaka leo si dawa ya mwako wa ndani ya jicho. Vizuizi vyake ni vya kimwili kabisa. Mwili una mikasi, vimeng'enya vikatavyo nyuzi za shanga, na peptidi ikitiwa katika damu haikai ila dakika chache. Tone likitiwa juu ya jicho, jicho hupepesa, machozi huja, na sehemu kubwa huteremka shavuni au puani. Ipatayo kupenya ndani aghalabu haifiki sehemu 5 katika 100. Kudunga sindano jichoni huwezekana, na kwa maradhi mengine hufanywa kila siku katika hospitali kubwa, lakini ugonjwa wa miaka mingi hauwezi kutibiwa kwa sindano ya kila juma. Wachunguzi wamejaribu kubadili shanga ili mikasi isizikate. Mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Arizona zilibadilishwa shanga mbili katika zile 13, ikapatikana peptidi idumuyo zaidi, na mwaka 2014 Ulaya iliiruhusu iwekwe chini ya ngozi kwa watu wanaoumizwa na mwanga wa jua. Huo ni ushahidi kuwa uzi wa shanga waweza kuwa dawa ya duka. Si ushahidi kuwa utaliponya jicho, na panya aliyepona si mtu aliyepona. Wakati huo huo protini ndefu mno kuliko hizi, adalimumabu, iliruhusiwa mwaka 2016 kwa mwako wa ndani ya jicho usiotokana na vijidudu, baada ya majaribio ya wagonjwa. Hiyo humkamata mmoja wa wajumbe wa moto akiwa njiani. Bei yake si ya mkulima.

Liko na onyo ambalo wapenzi wa dawa mpya hawapendi kulisikia. Kuwatuliza walinzi ni jambo la hekima pale tu ambapo hapana adui wa kweli. Mahali penye kifua kikuu na kaswende kwa wingi, jicho jekundu lenye ukungu laweza kuwa linapigana vita vya haki. Peptidi iwayo yote, iwe ya Norwei au ya jicho lenyewe, ikimwingia mtu huyo kabla ya kijidudu kutafutwa, itakuwa imemfungulia mwizi mlango. Kwa hiyo kipimo hutangulia dawa, na kipimo kinahitaji mtu na taa. Taa ya kuchungulia ndani ya jicho na chombo cha kupima msukumo wake ni vitu vya kale kuliko kotizoni. Hata hivyo watoto wengi wanaonunuliwa matone hawajapata kukaa mbele yake.

Mtoto mwenye mwako wa mzio ambaye amebahatika kufika kwa tabibu wa macho, akapimwa, akaandikiwa matone ya siklosporini, hurudi nyumbani na kichupa kipya. Jioni mama humlaza mkekani kichwa kikielekea mlangoni penye nuru. Tone huanguka. Mtoto hulia kuwa linachoma, hufumba jicho kwa nguvu, na nusu ya dawa huteremka shavuni pamoja na machozi. Mama humfuta kwa ncha ya kanga, humwacha apumue, kisha hukifungua kichupa tena.